Maswali ya Walimu: Matini Ngumu na Matini Pacha Darasani

Mwezi uliopita nilieleza katika safu hii kwamba mtoto wa shule ya msingi anaweza kusomeshwa matini changamano, yaani matini inayouzidi kidogo uwezo wake wa sasa, endapo mwalimu ataiambatanisha na matini nyingine ya jambo hilohilo na kumwongoza azisome zote mbili kama pacha, moja ikiiangazia nyingine. Walimu wa pande hizi za Ziwa Victoria wameniandikia, baadhi wakiunga mkono na baadhi wakiwa na mashaka ya haki kabisa. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi na kuyafupisha bila kubadili maana yake.

Mwalimu, shikamoo. Nafundisha Darasa la Tano wilayani Magu. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya themanini, na wengi wao bado wanasoma kwa kuunganisha silabi. Huoni kwamba kuwapa matini ngumu ni kuwakatisha tamaa?

Marahaba. Hofu yako ina msingi, na ningepata wasiwasi zaidi na mwalimu asiyekuwa nayo. Hata hivyo, tutenganishe mambo mawili ambayo darasani huchanganywa mara kwa mara. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili vinavyozidishana: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Jambo la kuzingatia hapo ni kuzidisha, kwa sababu upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili ukiwa mkubwa namna gani. Tahajia yetu ya Kiswahili ni nyofu, herufi husomeka jinsi zilivyoandikwa, na kwa hiyo mtoto akishazishika silabi anaweza kutamka ukurasa mzima bila kujua umesema nini. Kila mwalimu amewahi kumsikia mtoto wa namna hiyo: sauti safi, vituo vimezingatiwa, lakini swali la kwanza likimfikia hana cha kujibu.

Wanafunzi wako wanaounganisha silabi wanahitaji vipindi rekebishi vya kusoma, vifupi na vya kila siku, na hilo halina mjadala. Lakini masikio yao ni mazima. Wamesikia wazee wakiamua mashauri, wamesikia mabishano ya bei mwaloni, yaani mahali mashua zinaposhushia samaki, na wanaelewa lugha nzito kuliko ile iliyomo katika vitabu vyao vya kiada. Kwa hiyo matini ngumu isomwe kwanza na wewe mwenyewe, kwa sauti na bila haraka, nao wakifuata kwa kidole. Usomaji wa pili ufanywe wawili wawili, anayesoma vizuri akiwa na anayejikongoja. Katika mjadala wa maana, wote washiriki kwa usawa, na utashangaa mara nyingi kuona hoja nzuri zinatoka kwa nani. Ukimsubirisha mtoto asisikie lugha nzito mpaka awe msomaji hodari, siku atakapoweza kusoma hatakuwa na lugha ya kusomea. Usichopaswa kufanya ni kumkabidhi matini hiyo peke yake, kimya kimya, kisha ukaisahihisha kama jaribio. Huko ndiko kukatisha tamaa.

Nitapimaje ugumu wa matini? Nimesikia kuna kanuni za kuhesabu maneno na sentensi. (Mwalimu wa Kiswahili, Ilemela)

Kanuni hizo zipo, na mojawapo inayojulikana sana ni ile ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, ambayo huhesabu wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno. Iliundwa kwa ajili ya Kiingereza, nami nashauri uiache hukohuko. Chukua neno "hatukuwasikiliza". Lina silabi nane, na ndani yake mna ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na kitendo chenyewe; kwa kipimo cha Flesch ni neno zito mno, lakini mtoto wa Darasa la Tatu analielewa bila kusita kwa sababu analisikia nyumbani kila siku. Neno "tija" lina silabi mbili tu, na huwashinda hata wa Darasa la Saba.

Mwaka 2010, viwango vipya vya lugha vilivyotolewa Marekani viliwataka walimu watazame mambo matatu kwa pamoja: hesabu za namna hiyo, sifa za matini zinazohitaji jicho la binadamu, na mwisho msomaji mwenyewe pamoja na kazi anayopewa. Kwetu sisi mawili ya mwisho ndiyo yenye faida. Miongoni mwa sifa za matini ipo moja inayosahaulika, nayo ni kiasi cha maarifa ambayo mwandishi anadhani msomaji tayari anayo. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli waisome, kisha wakawataka waisimulie na kuiigiza. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua.

Nitatoa mfano wa hapa kwetu. Isome sentensi hii: "Mwezi ulipokaribia kuwa mpevu mwalo ulinyamaza, na madeni ya dukani yakaanza kuandikwa." Hakuna neno gumu hata moja. Mtoto wa Kirumba anaielewa papo hapo, kwa kuwa anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwamba mbalamwezi ikitanda taa hazivuti dagaa, kwamba wavuvi hupumzika, na kwamba fedha isipoingia familia hukopa dukani. Mtoto wa Kwimba aliyekulia kwenye mashamba ya pamba anaweza kuyajua maneno yote na asijue mwalo umenyamaza kwa nini. Mpe sasa sentensi ya palizi na ya kusubiri mizani ya pamba, uone jinsi wawili hao watakavyobadilishana nafasi.

Ndiyo maana kipimo ninachokiamini zaidi ni penseli ya mwalimu. Kabla ya kipindi, isome matini polepole na uweke alama kila mahali ulipoelewa jambo ambalo halikuandikwa, mahali ulipojijazia mwenyewe bila kujitambua. Alama zikiwa nyingi, matini ni ngumu, hata kama sentensi zake ni fupi.

Nilioanisha hadithi na habari ya kisayansi kama ulivyoshauri. Wanafunzi walisoma ya kwanza, wakajibu maswali, wakasoma ya pili, wakajibu maswali, basi. Nimekosea wapi? (Mwalimu wa Darasa la Sita, Sengerema)

Umekosea kwenye swali, na ni kosa ambalo mimi pia nililifanya kwa muda mrefu. Matini mbili zenye maswali mawili tofauti hubaki kuwa vifungu viwili vya ufahamu vilivyokaa jirani. Zinakuwa pacha pale tu panapokuwa na swali moja ambalo hakuna hata moja kati yake inayoweza kulijibu peke yake. Niruhusu nikueleze kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipo.

Mimi hutumia jozi ya matini fupi nilizoziandika mwenyewe. Ya kwanza ni hii: "Sangara walipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Katika miaka ya 1980 waliongezeka kwa kasi kubwa, na aina nyingi za furu, samaki wadogo ambao walikuwa chakula chao, zilipungua au kutoweka. Wakati huohuo biashara ya minofu ilikua, viwanda vya samaki vikajengwa, na kipato cha wakazi wengi wa mwambao kikaanza kumtegemea sangara."

Ya pili ni masimulizi: "Bibi hakumpenda sangara. Alisema furu walitosheka na jua, ulikuwa ukiwaanika asubuhi na kuwaanua wamekauka, lakini huyu mgeni alitaka kuni, na mafuta yake yalipodondokea moto miali iliruka hadi kwenye makuti. Kila alipokaa jikoni aliwataja furu kama mtu anayetaja ndugu waliohama. Lakini sare yangu ya shule ilinunuliwa kwa sangara, naye alilijua hilo."

Swali ninaloliandika ubaoni kabla hatujasoma chochote ni: "Sangara alipoingia ziwani, nani alipata nini, na nani alipoteza nini?" Matini ya kwanza inasema furu walipungua, lakini haisemi kwamba kuna mtu aliyewakumbuka. Ya pili inatuonyesha aliyewakumbuka, lakini haituambii walikwenda wapi. Inasema pia jambo la kuni, ambalo halimo kabisa katika ile ya kwanza: samaki mwenye mafuta mengi hakauki vizuri juani, kwa hiyo wakaushaji walihitaji moto, na moto ulihitaji miti. Mtoto anayeziweka pamoja anaweza kufikia mwenyewe wazo la kwamba samaki aliyeingia majini alibadilisha hata misitu ya nchi kavu. Hakuna matini iliyomwambia hivyo. Amelipata kwa kuziunganisha, na ukimwona usoni wakati anapolipata utajua kwa nini nasisitiza.

Mimi huanza na masimulizi. Hadithi ya bibi inawafanya watake kujua, na habari ya kisayansi inakuja kama jibu la jambo wanaloliulizia, badala ya kuwa mzigo. Kisha tunairudia hadithi, na hatua hii ya tatu usiiache hata kama muda umebana. Waulize: sasa mnajua furu walikwenda wapi, je, bibi alijua? Waulize maana ya maneno matatu ya mwisho, "naye alilijua hilo". Alijua nini, na kwa nini msimulizi ameona alitaje? Nilipofundisha jozi hii kwa mara ya kwanza, mvulana mmoja aliyekuwa amekaa kimya kwa wiki nyingi alisimama na kusema, "Bibi anamchukia sangara na anamshukuru." Niliacha kuandika ubaoni. Ufahamu wa kiwango hicho siwezi kuupata kwa swali la "Sangara walipandikizwa lini?"

Irudieni pia ile ya kwanza, mkaitazame kauli yake. "Walipandikizwa" na nani? Matini haisemi. Kitenzi cha kutendwa kimemficha mtenda, na watoto wa Darasa la Sita wanaweza kabisa kuliona hilo ukiwaonyesha mara moja. Katika masimulizi karibu kila tendo lina mwenyewe: bibi alisema, bibi aliwataja. Waambie wageuze sentensi mbili za matini ya kwanza ziwe na watenda, uone wapi watakwama. Hapo unafundisha sarufi, ufahamu na uandishi kwa pamoja.

Nikiuliza swali gumu darasa zima hunyamaza. Kipindi ni dakika 40. Mwishowe huwaeleza mimi mwenyewe. (Mwalimu, Misungwi)

Nami niliwaeleza kwa miaka mingi. Nilikuwa nikiihadithia matini vizuri sana, na watoto walinipenda, na hawakujifunza kusoma. Walichojifunza ni kwamba wakinyamaza kwa muda wa kutosha, maana italetwa na mwalimu. Ukimya wa darasa mara nyingi si ujinga. Ni subira ya watu wanaojua kitakachofuata.

Ukimya ukitokea, usiieleze matini. Lipunguze swali mpaka jibu lake liweze kuguswa kwa kidole. Tuseme matini ina sentensi hii: "Wavuvi ambao nyavu zao zilikamatwa na ambao hawakuwa na leseni walitozwa faini." Ukiuliza "Mmeelewa?" watasema ndiyo. Uliza badala yake: ni nani waliotozwa faini? Waambie waguse neno. Wote watagusa "wavuvi". Uliza tena: wavuvi wote? Hapo baadhi watasita, na hiyo ndiyo dalili njema. Sasa chora ubaoni duara mbili, moja ya walionyang'anywa nyavu na nyingine ya wasio na leseni, uwaulize faini inaangukia wapi: kwa waliomo katika duara zote mbili, au kwa kila aliyemo katika mojawapo? Darasa litagawanyika, na ni haki yake, kwa kuwa sentensi yenyewe inaruhusu maana zote mbili. Waambie waiandike upya mara mbili, kila mara kwa maana moja tu. Umetumia dakika 15 kwa sentensi moja, na hukupoteza hata dakika moja.

Kwa muda mrefu zaidi, wazoeshe utaratibu ambao Annemarie Palincsar na Ann Brown waliuchapisha mwaka 1984, ambapo wanafunzi katika vikundi hupokezana kazi nne: kutabiri kitakachofuata, kuuliza swali, kufafanua palipotatiza na kufupisha kilichosomwa. Mwalimu huionyesha kila kazi mwenyewe kwanza, kisha huiachia kidogo kidogo. Katika darasa kubwa anza na kazi moja tu, nayo iwe kufafanua palipotatiza, na kila dawati litaje neno moja au sentensi moja iliyowashinda. Usikubali jibu la "hakuna".

Vitabu vya ziada hatuna. Hizo matini mbili nizitoe wapi? (Wengi wameuliza)

Matini ya maneno sitini inatosha, na maneno sitini yanaenea kwenye karatasi moja ya manila. Mimi hupenda zaidi imla: siku moja kabla, wasomee aya waiandike kwenye madaftari, wasahihishane, na kesho yake kila mtoto ana nakala yake. Matini za kuoanisha zimetuzunguka. Tangazo la mwaloni linalokataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 ni matini changamano, kwa kuwa limeandikwa kwa lugha ya sheria, na pacha wake ni maelezo ya mvuvi anayeeleza kwa nini tundu la wavu lina maana au kwa nini kokoro, wavu wa kukokotwa, bado linashawishi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, habari ziliandikwa kuhusu nguzo zake na dakika zinazookolewa. Lakini mama lishe aliyekuwa akiwauzia chakula abiria waliosubiri kivuko anaweza kuwa na la kueleza ambalo halimo katika habari hizo. Mhoji, andika mistari kumi, umsomee aikubali, na usitaje jina lake. Wanafunzi wa Darasa la Saba wanaweza kuifanya kazi hiyo wenyewe.

Niko Ukerewe. Kuna maandishi mengi juu ya ajali za meli na vivuko. Je, ni sahihi kuyatumia darasani?

Swali hili nimelisoma mara kadhaa kabla ya kulijibu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara. Katika darasa lako wamo watoto waliozaliwa baada ya ajali zote mbili, na miongoni mwao wamo wanaoitwa kwa majina ya watu waliopotea siku hizo. Kwao jambo hili si habari ya kale, ni msiba wa nyumbani.

Sisemi uliache kabisa. Watoto wa visiwani watapanda vyombo vya majini maisha yao yote, na kuwaficha jambo hili si kuwalinda. Lakini zungumza kwanza na wazazi na mwalimu mkuu, mwache mtoto asiyetaka kusoma akae pembeni bila kuulizwa sababu, na usitoe maswali ya alama juu ya idadi ya waliokufa. Usichague matini inayoeleza miili wala vilio. Chagua inayoeleza sababu: maana ya idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo, kinachotokea uzito unapoegemea upande mmoja, mahali majaketi ya kujiokolea yanapowekwa. Pacha wake iwe matini inayoeleza jinsi kivuko kinavyobeba maisha ya kisiwa, wagonjwa, mihogo, vitabu na maharusi, ili mtoto aelewe kwa nini siku ya gulio watu hujikuta wakipanda hata chombo kikiwa kimejaa. Swali linalozifunga liwe la uamuzi: ukiwa gatini, ukaona kivuko kimejaa, na soko liko ng'ambo, utatazama nini na utamwambia nani? Majibu ya swali hilo yasikilizwe na wala yasipewe maksi.

Nafundisha Kidato cha Kwanza jijini. Wanafunzi wanatoka kusoma kwa Kiswahili na kuingia kwenye vitabu vya Kiingereza. Je, matini pacha zaweza kuwa za lugha mbili?

Zaweza, na kwa wanafunzi wa shule za kata sioni msaada mwingine unaoushinda huo kwa gharama ndogo. Utafiti wa Marcella Hu na Paul Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji wa lugha ya kigeni huhitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aisome hadithi bila msaada. Chukua ukurasa mmoja wa kitabu cha jiografia, mpe mwanafunzi wa kawaida penseli apige mstari chini ya kila neno asilolijua, uhesabu. Utaelewa kwa nini anakariri.

Basi mpe kwanza matini ya Kiswahili kuhusu jambo hilo, kwa mfano jinsi maji ya ziwa yanavyogeuka mvuke, mawingu na mvua, kisha ya Kiingereza. Angalizo langu ni moja: ya Kiswahili isiwe tafsiri ya ile ya Kiingereza. Ikiwa tafsiri, mwanafunzi ataisoma hiyo na kuitupa ya pili. Iwe na sehemu ya jambo ambayo nyingine haina, na swali liwe linazihitaji zote. Katika msamiati usihangaike na majina ya vitu peke yake. Vitenzi na viunganishi vyenye maana ya "ingawa", "isipokuwa" na "kwa sababu hiyo" ndivyo vinavyobeba hoja, na ndivyo wanafunzi wanavyoviruka.

Mtihani wa Darasa la Saba hauoanishi matini. Kwa nini nitumie vipindi vyangu hivyo?

Kwa sababu katika maswali ya kuchagua, jibu la mtego mara nyingi ni jambo la kweli ambalo kifungu hakikulisema. Mtoto aliyezoea kuulizwa "hilo limesemwa na matini gani, mstari gani?" hanaswi kirahisi. Vipindi viwili kila wiki mbili vinatosha, na mada uzichukue kutoka kwenye azimio lako la kazi, ili mdhibiti ubora akija aone unachofundisha kiko ndani ya muhtasari.

Mimi si mwalimu, ni mvuvi wa Kayenze. Binti yangu yuko Darasa la Nne. Niliishia Darasa la Tatu na kusoma kwangu ni kwa taabu. Nawezaje kumsaidia?

Ndugu yangu, nimefurahi kuona barua yako katikati ya barua za walimu. Mwambie binti yako akusomee kwa sauti chochote alichoandikiwa shuleni kuhusu ziwa, samaki au hali ya hewa, nawe usikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha mweleze unavyolijua jambo hilo wewe kutokana na kazi yako. Mahali mnapokubaliana wewe na kitabu, mwulize aliyeandika amejuaje. Mahali mnapopingana, usimwambie kitabu kimekosea wala usijione wewe umekosea. Mwulize ni jambo gani linaweza kuzifanya kauli zote mbili ziwe za kweli, kwa mfano pengine mwandishi anazungumzia maji ya kina kirefu nawe unazungumzia ya kando. Mtoto wa Darasa la Nne anaweza kulifikiria hilo akipewa muda.

Mara moja kwa wiki, mwambie aandike maneno yako kwenye daftari, mistari minne au mitano, jinsi ulivyoyasema. Akimaliza akusomee tena, nawe umsahihishe kila mahali alipoandika jambo ambalo hukulisema.